Steve Kean na Blackburn: namna mashabiki walifikia kumuchukia kocha wao

Wapenzi wengi wa mupira hapa kwetu wanakumbuka vizuri mwezi wa 12 mwaka 2010. Tarehe 14, TP Mazembe ilipiga Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi, magoli ya Kabangu na Kaluyituka, na ikakuwa ekipe ya kwanza ya Afrika kucheza finali ya Kombe la Dunia la klabu. Siku hizo hakuna mutu mwenye alikuwa na wakati wa kufuata mambo ya muji mudogo wa Uingereza wenye kuitwa Blackburn. Lakini siku moja tu mbele ya mechi ile ya Mazembe, tarehe 13, klabu ya Blackburn Rovers ilifukuza kocha wake. Pale ndipo ilianza habari moja yenye watu wa mupira wangali wanaizungumuzia: habari ya Steve Kean, kocha mwenye alichukiwa na mashabiki wake mwenyewe karibu miaka miwili.

Habari hii si ya Wangereza peke yao. Kila mutu mwenye amekaa kwenye tribune anajua namna hasira ya mashabiki inapanda, na namna inatafuta mutu wa kuangukia. Tunaeleza hapa mambo yalivyopita, chuki ilitoka wapi, na nini kilibadilika (ao hakikubadilika) kisha kocha kwenda.

Blackburn ni klabu ya namna gani?

Blackburn iko kaskazini-magharibi ya Uingereza, hapana mbali na Manchester. Zamani ulikuwa muji wa viwanda vya kufuma nguo za pamba. Klabu yao, Blackburn Rovers, ilianzishwa mwaka 1875, na mwaka 1888 ilikuwa kati ya klabu 12 zenye zilianzisha shampiona ya Uingereza. Stadi yao inaitwa Ewood Park, na inaweza kupokea watu karibu 31 000. Kwa muji mudogo vile, hiyo ni stadi kubwa.

Heshima yao kubwa ya miaka yetu ilikuja kwa njia ya mutu mumoja, Jack Walker, mwenyeji wa Blackburn mwenye alipata utajiri katika biashara ya chuma. Alikamata klabu mwaka 1991, akaitia pesa, akamuita kocha Kenny Dalglish, akanunua mushambulizi Alan Shearer. Mwaka 1995 Blackburn ikachukua shampiona ya Premier League mbele ya Manchester United. Shearer alifunga magoli 34 musimu ule. Walker alikufa mwaka 2000. Mashabiki walimupenda kama baba, na sanamu yake iko kule stadi.

Tunasema hivi juu mutu afahamu: watu wa Blackburn walizoea mwenye klabu mwenye alikuwa mutoto wa muji, mwenye walijua sura yake. Mwaka 2010 hiyo iliisha.

Wenye klabu wapya kutoka India

Mwezi wa 11 mwaka 2010, klabu iliuzishwa kwa Venky's, kampuni kubwa ya kufuga na kuuzisha kuku, kutoka muji wa Pune kule India. Walilipa karibu milioni 23 za pauni, na wakabeba pia madeni ya klabu. Wenye klabu wapya hawakukuwa na uzoefu wa kuongoza ekipe ya mupira. Walisema wanataka kufika mbali, na mashabiki wengine walifurahi, wakifikiri kwamba pesa nyingi zinakuja.

Kocha wakati ule alikuwa Sam Allardyce. Muchezo wake haukuwapendeza watu wote. Ulikuwa mupira wa kupiga mbali na wa nguvu. Lakini matokeo yalikuwa. Ekipe ilikuwa mu nafasi ya 13, katikati ya ekipe 20, bila hatari kubwa ya kushuka. Venky's hawakumaliza hata mwezi mumoja, wakamufukuza.

Watu walibaki kinywa wazi. Allardyce alikuwa mutu wa kuokoa ekipe ndogo, kazi hiyo aliijua. Kumutosha bila sababu yenye kueleweka, katikati ya musimu, ilikuwa kama kumushusha dereva wakati motokari inapanda mulima.

Nani alikuwa Steve Kean?

Mwenye alipewa nafasi ni Steve Kean, Mu-Scotland wa Glasgow, mwenye alizaliwa mwaka 1967. Alikuwa mumoja wa makocha wasaidizi kule Blackburn tangu 2009. Mbele yake alifanya kazi ya usaidizi Fulham, Real Sociedad ya Uhispania na Coventry. Wachezaji walisema anajua kazi ya mazoezi. Lakini yeye mwenyewe hakuwa bado ameongoza ekipe hata moja kama kocha mukubwa.

Kwanza walisema atashika nafasi kwa muda. Kisha wakamupa kazi mpaka mwisho wa musimu. Mwezi wa 1 mwaka 2011 wakamupa kontra mpaka katikati ya mwaka 2013. Yote hayo ndani ya majuma machache.

Kukakuwa neno lingine lenye liliharibu mambo zaidi. Wakala Jerome Anderson, mwenye alikuwa amewashauri Venky's wakati wa kununua klabu, alikuwa pia wakala wa Kean. Mashabiki walipojua hivyo, wakaanza kuuliza: huyu kocha aliwekwa juu anaweza kazi, ao juu anajuana na watu? Ulizo hilo halikujibiwa kwa namna yenye kuwaridhisha. Na ulizo lenye halijibiwi, watu wanalijibia wao wenyewe.

Wakati huohuo viongozi wa zamani wa klabu walianza kutoka. Prezida John Williams, mwenye alikuwa ameongoza klabu kwa miaka mingi na watu walimuheshimu, aliacha kazi mwezi wa 2 mwaka 2011. Wale wenye walijua nyumba wakaenda, na wale wenye walibaki hawakukuwa na nguvu ya kuamua.

Musimu wa kwanza: kuponea chupuchupu

Ekipe ilianza kushuka polepole. Siku ya mwisho ya shampiona, tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2011, Blackburn ilikwenda kucheza na Wolverhampton, na kila ekipe ilikuwa mu hatari ya kushuka. Blackburn ilifunga magoli matatu mbele ya mapumuziko, ikashinda 3-2. Waliponea, mu nafasi ya 15.

Kean angeweza kukamata nguvu pale. Lakini wakati wa likizo, beki kijana Phil Jones aliuzishwa kwa Manchester United kwa zaidi ya milioni 16 za pauni. Mashabiki walingojea waone wachezaji wakubwa wakija kujaza nafasi, na wenye walikuja hawakutosha. Musimu mupya ulianza na mechi tatu za kupoteza mufululizo.

Hasira inatoka tribune na kuingia barabara

Kuanzia hapo mambo yalichemka. Mwezi wa 9 mwaka 2011, mashabiki walitembea maandamano kwenda stadi mbele ya mechi na Arsenal, wakiomba Kean atoke. Siku ile ile ekipe ikashinda Arsenal 4-3! Magoli mawili ya Yakubu wa Nigeria, na mengine mawili yenye wachezaji wa Arsenal walijifunga wenyewe. Watu walishangilia ekipe na kumukataa kocha kwa siku moja. Mutu wa inje anaweza kuona hiyo kama wazimu, lakini shabiki anafahamu: unaweza kupenda nyumba na usipende mwenye amepewa ufunguo.

Mwezi uliofuata, katikati ya shampiona ngumu, klabu ilifanya safari ya India kucheza mechi ya kirafiki kule Pune, kwenye nyumba ya wenye klabu. Watu wa Blackburn waliona hiyo kama matangazo ya biashara tu. Kukatokea tena ndege ndogo yenye kuvuta bendera juu ya stadi, imeandikwa kwamba Kean atoke. Mashabiki ndio walitoa pesa kuilipia.

Siku mbaya zaidi ilikuwa tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 2011. Bolton, jirani wao na ekipe yenye pia ilikuwa chini, ilikuja Ewood Park na kushinda 2-1. Matusi kwa Kean yalianza mbele ya mechi kuisha na yakaendelea kisha. Yeye alibaki amesimama kando ya kiwanja, akiangalia mbele. Chama cha makocha wa Uingereza, LMA, na makocha wenzake walilaumu namna alitendewa. Walisema kocha ni mutu kama wengine, iko na familia, na haifai mutu kutukanwa vile kazini.

Siku kumi na moja kisha, tarehe 31 mwezi wa 12, Blackburn, yenye ilikuwa mu mukia kabisa, ilikwenda Old Trafford na kupiga Manchester United 3-2. Ilikuwa siku Alex Ferguson alitimiza miaka 70. Hata ushindi huo haukuondoa chuki. Uliisukuma tu mbele majuma machache.

Mu-Kongo kati ya moto ule

Wasomaji wetu wa ngambo ingine ya mto watakumbuka kwamba kapiteni wa Blackburn musimu ule alikuwa Christopher Samba, beki wa ekipe ya taifa ya Kongo-Brazzaville. Alifika Blackburn mwaka 2007 kutoka Hertha Berlin, na mashabiki walimupenda juu ya nguvu yake kwenye mipira ya kichwa. Mwezi wa 1 mwaka 2012 alisema anataka kwenda, na mwezi wa 2 akauzishwa kwa Anzhi Makhachkala ya Urusi.

Ekipe yenye inapambana isishuke, ikampoteza kapiteni na beki wake mukubwa. Juma lenye Samba alikuwa hachezi tena, Blackburn ilipigwa 7-1 na Arsenal. Kati ya wachezaji wenye walibaki kulikuwa Steven Nzonzi, mwenye asili ya Kongo kwa upande wa baba, mwenye kisha alichukua Kombe la Dunia na Ufaransa mwaka 2018. Yeye pia alitoka kwenda Stoke musimu ulipokwisha.

Siku ya kuku

Tarehe 7 mwezi wa 5 mwaka 2012, mvua ilikuwa inanyesha, Blackburn ikapokea Wigan. Kama wanapoteza, wanashuka. Mechi ilipoanza tu, mutu mumoja kwenye tribune aliachilia kuku muzima kiwanjani, amefungiwa bendera ya klabu. Wachezaji walisimama, na kipa na wengine wakaanza kumufuatafuata. Picha ile ilizunguka dunia yote.

Wengi walicheka. Lakini kuku yule alikuwa ujumbe: ulienda moja kwa moja kwa wenye klabu, watu wa kuku kutoka Pune. Pengine ilikuwa mara ya kwanza hasira kupita juu ya kichwa cha kocha na kufika kwa wenye walimuweka.

Kuelekea mwisho, muchezaji wa Wigan, Antolín Alcaraz, alifunga kwa kichwa. 1-0. Blackburn ilishuka diviziyo kisha miaka 11 mu Premier League. Walimaliza mu nafasi ya 19.

Kean anaondoka, nini kinabadilika?

Watu walifikiri kwamba kocha atafukuzwa usiku ule. Hapana. Kean alianza musimu mupya mu diviziyo ya pili, na ekipe ilianza vizuri, ilikuwa kati ya zile za juu. Hata vile maandamano hayakuisha. Tarehe 28 mwezi wa 9 mwaka 2012 alitangaza kwamba anaacha, akieleza kwamba hakukuwa tena na namna ya kuendelea na kazi.

Muji ulifurahi. Sasa tuangalie miezi yenye ilifuata:

- Mwisho wa mwezi wa 10 klabu ilimuleta Henning Berg, mwenye alikuwa ameichezea Blackburn mwaka wa ushindi 1995. Alikaa siku 57, mechi 10, ushindi mumoja. Alifukuzwa tarehe 27 mwezi wa 12, na tribinali ikaamuru klabu imulipe zaidi ya milioni mbili za pauni.
- Mwezi wa 1 mwaka 2013 alifika Michael Appleton. Alikaa siku 67.
- Gary Bowyer, mwenye alikuwa akifundisha ndani ya klabu, ndiye alikamata ekipe na kuiokoa isishuke tena.

Na haikuishia pale. Mwaka 2017, tarehe 7 mwezi wa 5, tarehe ile ile ya kuku, Blackburn ilishuka mu diviziyo ya tatu, hata ingawa siku ile walishinda mechi yao. Ilikuwa klabu ya kwanza yenye ilishinda Premier League na kisha kuanguka mpaka kule. Mwaka uliofuata walipanda tena diviziyo ya pili na kocha Tony Mowbray. Wenye klabu walikuwa bado wale wale.

Na Kean? Alikwenda Asia, akafundisha Brunei DPMM, ekipe ya Brunei yenye wakati ule ilikuwa inachezea shampiona ya Singapore. Mwaka 2015 walichukua shampiona hiyo. Mutu mwenye Blackburn walisema hajui kitu alibebwa kwa furaha kule mbali.

Chuki za namna tatu

Kean si kocha wa pekee mwenye alichukiwa. Lakini chuki zote hazifanane, na ni vizuri kuzitenga.

*Kuko kocha mwenye wanaona aliwekwa.* Huyo ni Kean. Mashabiki wanasema hakufika kwa kazi yake bali kwa mulango wa nyuma. Hata akishinda, hawamuhesabie. Ushindi ni wa wachezaji, kupoteza ni kwake.

*Kuko kocha mwenye alitoka kwa adui.* Mwezi wa 11 mwaka 2012 Chelsea ilimufukuza Roberto Di Matteo, mwenye miezi sita mbele aliwaletea Ligi ya Mabingwa, na ikamuweka Rafael Benítez. Ndiye yule mwenye alikuwa kocha wa Inter siku walipiga Mazembe 3-0 kwenye finali ya Abu Dhabi. Alikuwa ameongoza Liverpool, na mashabiki wa Chelsea hawakusahau. Walimupigia filimbi tangu mechi ya kwanza, na kila dakika ya 16 waliimba jina la Di Matteo juu namba yake ya jezi ilikuwa 16. Benítez alichukua Europa League mwezi wa 5 mwaka 2013, akafunga masanduku yake na kwenda Napoli.

*Kuko kocha mwenye walimupenda, kisha akawageuka.* Harry Redknapp alifundisha Portsmouth, kwenye Lomana LuaLua wetu alicheza. Mwaka 2004 aliacha kazi, na majuma machache kisha akakamata Southampton, adui wao wa karibu kabisa. Walimuita musaliti. Alirudi mwaka 2005, akaokoa ekipe, mwaka 2008 akawapatia Kombe la FA, wakamusamehe. Mwezi wa 10 mwaka ule ule akakimbilia Tottenham. Siku chache kisha alirudi Portsmouth kupokea heshima ya muji, na wengine wakamuzomea mbele ya wakubwa.

Chuki ya tatu ndiyo inauma zaidi, juu ndani yake kuko mapendo. Ile ya kwanza ndiyo inakaa muda murefu, juu ndani yake kuko ulizo lenye halijajibiwa.

Sababu gani hasira inaangukia kocha?

Jibu ni nyepesi: kocha anaonekana. Kila juma iko pale kando ya kiwanja, jina lake linajulikana, na sauti inamufikia. Mwenye klabu iko mbali. Kwa Blackburn alikuwa mbali kweli, safari ya ndege ya masaa mengi. Na Uingereza klabu nyingi ni mali ya mutu ao kampuni. Shabiki hana kura, si kama Ujerumani kwenye, kwa klabu nyingi, sheria inataka wanamemba wabaki na sehemu kubwa ya sauti. Shabiki wa Blackburn alikuwa na vitu viwili tu: tiketi yake na kinywa chake. Wengine walitumia kinywa. Wengine waliacha kununua tiketi, na viti vikabaki vitupu.

Mashabiki hawakukosea juu ya kila kitu. Walisema tangu mwanzo kwamba klabu inaongozwa vibaya, na miaka yenye ilifuata ilionyesha walikuwa na haki. Kean naye hakuweza kazi ile kwa kiasi chenye ilihitaji, na ekipe ilishuka mikononi mwake. Lakini kusema «matokeo ni mabaya, kocha atoke» ni neno la mupira. Kutukana mutu mpaka akose namna ya kusimama kazini, hilo ni neno lingine. Mambo hayo mawili yalichanganyika kule Ewood Park, na mwisho ni lile la pili lenye watu walikumbuka, wakati ulizo la kweli, nani anaamua na kwa nini, lilibaki nyuma.

Wengi wetu tunajua stadi zetu. Tunajua namna, ekipe ikipoteza mechi mbili, jina la kocha linaanza kutupwa kama jiwe. Mara ingine kocha ndiye mwenye kosa, na anapaswa kwenda. Lakini mbele ya kuokota jiwe, habari ya Blackburn inatuomba tuulize kwanza: nani alimuweka pale, nani aliuzisha wachezaji, nani iko na ufunguo wa sanduku la pesa? Watu wa Blackburn walimutosha kocha wao. Asubuhi yenye ilifuata, waliamka na wenye klabu wale wale.